Uzi wa mawaridi: pingili, kubebesha, na kwa nini mche huoza kabla ya kuota mizizi

Kitalu_Moshi

Wakuu habari za asubuhi. Maswali ya waridi yanajirudia kila wiki kwenye uzi wa maua ya nyumbani, kwa hiyo nayaweka hapa pamoja. Naanza na pingili, yaani kipande cha tawi unachokipanda ili kiote mizizi, maana ndipo wengi wanapokwama. Watu husema "mimi sina mkono wa maua". Mkono hauhusiki. Pingili ya waridi hufa kwa mambo mawili: kijiti kilikatwa kikiwa na umri usiofaa, au sehemu ya chini ilikosa hewa kwa sababu ya maji mengi. Ukirekebisha hayo mawili, sehemu kubwa ya pingili zako zitashika.

Kijiti. Tafuta tawi lililomaliza kutoa ua siku chache zilizopita, petali zinapukutika au zimeshapukutika. Unene uwe wa penseli au pungufu kidogo. Lijaribu kwa mwiba: usukume pembeni kwa kidole gumba. Ukibanduka safi na kuacha kovu la kijani, tawi limekomaa vya kutosha. Ukipinda bila kubanduka, bado changa, litaoza. Ukihitaji nguvu nyingi na gome likachanika, limezeeka. Litaota mizizi ila kwa kuchelewa mno. Tawi lenye chipukizi jekundu laini juu liache kabisa, hata kama linapendeza.

Kata asubuhi mapema, mche mama ukiwa umemwagiliwa jioni iliyotangulia. Urefu sentimita 15 hadi 20, macho 3 au 4 (jicho ni pale chipukizi linapotokea). Chini kata mara moja tu chini ya jicho, karibu milimita 5. Juu kata milimita 5 juu ya jicho. Tumia wembe mpya au kisu kikali, kwa sababu mkasi butu huponda gome na pale palipopondwa ndipo uozo unapoanzia. Acha majani mawili ya juu, kila moja ukilipunguza hadi vijani (vile vipande vidogo vya jani moja) viwili au vitatu. Mengine yote ondoa. Usiondoe majani yote! Pingili haina mizizi, chakula chake kipya kinatoka kwenye majani hayo mawili.

Kisha kwangua gome upande mmoja chini, urefu wa sentimita 2, kina kidogo tu hadi uone kijani kibichi. Mizizi hutoka kando ya jeraha hilo. Chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi. Madukani upo wenye IBA (homoni yenyewe) asilimia 0.1 na wa asilimia 0.3. Kwa waridi chukua wa 0.3. Kung'uta ziada, kwa sababu homoni ikizidi huunguza.

Udongo wa kuoteshea: mchanga wa mto ulio mkubwa chembe nusu, unga wa makumbi ya nazi nusu. Hakuna samadi, hakuna mboji, hakuna mbolea. Mwagia maji yanayochemka, acha upoe. Ujaze kwenye kiriba au kopo lenye matundu chini, toboa shimo kwa kijiti kingine (usiisukume pingili yenyewe, unga wote utabaki juu), ingiza hadi macho mawili yafukiwe, bana udongo kwa vidole, mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini. Funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa kimefungwa. Weka kwenye kivuli chenye mwanga, chini ya mti au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Jua likipiga chupa moja kwa moja, kwa saa moja tu pingili imechemshwa.

Baada ya hapo acha. Siku 10 hadi 14 unatokea uvimbe mweupe chini. Mizizi huanza wiki ya 3 hadi ya 5.

Asha_Mbweni

Asante sana kaka. Swali: pingili 6, siku ya 12, nne zimekuwa nyeusi kuanzia chini kwenda juu, mbili zina chipukizi jipya la kijani. Mchanganyiko ni udongo wa bustani na mchanga kidogo. Hizo mbili niseme zimeshika?

Kitalu_Moshi

Bado, dada Asha. Chipukizi la siku ya 12 linatumia akiba iliyomo ndani ya kijiti. Likiisha kabla mizizi haijatoka, chipukizi hunyauka ghafla kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ziache kwenye chupa, usizimwagilie kama bado kuna matone ndani ya chupa. Mwishoni mwa wiki ya 4 shika kijiti, vuta taratibu mno. Kikigoma, kuna mizizi. Usichomoe kuangalia, mizizi ya kwanza ni myeupe na hukatika kama tambi.

Hizo nne nyeusi zitoe leo leo na udongo wake, usirudie kuutumia. Ni ukungu wa udongoni unaopenda maji yaliyotuama. Udongo wa bustani ndani ya kopo hushikamana, hewa inakwisha, kidonda cha pingili kinakuwa mlango wa ukungu. Ndiyo maana nasisitiza mchanga wa mto.

Jozani_Kijani

Naongezea jambo la kwetu visiwani. Makumbi mengi yanayopatikana huku yamefukiwa ufukweni ili kulainishwa kwa ajili ya kusokota kamba. Yana chumvi. Waridi ni katika mimea isiyovumilia chumvi kabisa. Yaloweke kwenye maji ya mfereji yasiyo na chumvi usiku kucha, yakamue, umwage maji, urudie mara tatu. Ukionja maji ya mwisho yasiwe na chumvi. Na mchanga usiwe wa pwani hata ukioshwa, kwa sababu una vipande vya kombe na matumbawe vinavyopandisha pH (kipimo cha uchachu) ya udongo kuelekea upande wa chokaa. Waridi linataka pH ya 6 hadi 6.5.

Ukiona majani machanga ya waridi yamekuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, hiyo ndiyo dalili ya udongo wa matumbawe: madini ya chuma yamo lakini mmea hauwezi kuyachukua. Kuongeza samadi peke yake hakutoshi. Panda kwenye chungu kikubwa cha lita 30 na udongo uliochanganya mwenyewe, au tumia mbolea yenye chuma cha aina ya EDDHA, ambacho hakifungwi na chokaa. Kile cha EDTA cha bei nafuu kwenye udongo wa namna hiyo hakifiki mbali.

Na maji ya kisima chenye magadi: ncha na kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya miche midogo.

Limuru_Rosi

Salamu kutoka Limuru. Kazi nzuri, ila kuna jambo ambalo lazima lisemwe kabla watu hawajajaza viriba. Pingili inakupa waridi lenye mizizi yake lenyewe. Hiyo ni nzuri kwa baadhi ya aina tu. Mawaridi ya kisasa yenye ua moja kubwa juu ya shina refu, yale ya kukata, mengi yana mizizi dhaifu. Ndiyo sababu mashamba ya Naivasha hayapandi kwa pingili tupu. Yanabebesha, yaani yanaunganisha waridi la kukata juu ya shina la waridi jingine, Natal Briar, waridi lenye nguvu linalovumilia udongo na maji ya huku. Ukichukua pingili ya waridi kama hilo ukaipanda Dar kwenye mchanga, itaota, itatoa maua mawili matatu madogo, halafu itadumaa.

Kinyume chake, mawaridi madogo ya vyungu, mengi ya kutambaa, yale ya maua ya vishada kama Iceberg, na mawaridi ya zamani ya asili ya China, yote yanafanya vizuri sana kwa mizizi yake. Hata shina likifa hadi chini, kinachochipuka upya ni waridi lile lile.

PwaniMbichi

Naungana na mwenzangu wa Limuru, na sababu kubwa huku pwani ni minyoo fundo. Mchanga wenye joto ndiyo nyumba yake. Mche unakuwa mdogo, majani yanapauka, mchana unanyauka hata udongo ukiwa na maji. Ng'oa mmoja uangalie mizizi: ina vifundo kama shanga. Hakuna dawa ya nyumbani inayoondoa hiyo. Kinachosaidia ni mboji nyingi, kutopanda waridi mahali palipokuwa na nyanya, bamia au bilinganya zilizougua, na kuanika udongo: ulowanishe, ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, wiki 6 katika miezi ya jua kali. Wenzetu wa Florida, ambako mchanga na minyoo ni kama huku, hubebesha juu ya waridi liitwalo Fortuniana kwa sababu mizizi yake inastahimili.

Asha_Mbweni

Sasa huo mzizi wa Natal Briar mtu wa nyumbani anaupata wapi?

Limuru_Rosi

Swali zuri sana, na jibu mara nyingi liko kwenye bustani ya jirani. Tazama waridi kuukuu lililonunuliwa kitaluni likiwa limebebeshwa. Chini ya lile fundo la maungio, mara nyingi kutoka ardhini, hutoka fimbo ndefu, nyembamba, inayokua haraka kuliko mche wenyewe, na ikitoa maua yanakuwa tofauti na ya juu. Hilo ni shina la chini linajitafutia maisha. Watu hulikata na kulitupa. Usilitupe! Likate vipande vya sentimita 20, fanya kama Kitalu_Moshi alivyoeleza. Linaota mizizi kwa urahisi kupita mawaridi mengi. Ondoa macho yote yatakayofukiwa kwa ncha ya kisu, yabaki mawili ya juu tu, ili baadaye lisikusumbue kwa machipukizi kutoka ardhini. Baada ya miezi 3 hadi 4 una shina la kubebeshea.

Watu hufundishana kwamba jani lenye vijani 7 ni la shina la chini na lenye 5 ni la waridi zuri. Usitegemee kanuni hiyo, kuna mawaridi mazuri mengi yenye vijani 7. Fuata chipukizi kwa kidole hadi linapotokea. Likitoka chini ya maungio, ni la shina la chini. Na unapoliondoa pale usipolitaka, lichane kwa kulivuta kuelekea chini. Ukilikata kwa mkasi unaacha macho yake na yatarudi matatu.

Fundi_Kubebesha

Nimeombwa nieleze kubebesha jicho. Hatua hizi ni za shina lenye unene wa penseli, sentimita 5 juu ya udongo.

Siku 2 kabla, mwagilia shina la chini vizuri. Gome lenye maji huachia, gome kavu hung'ang'ania na ukilazimisha linachanika. Siku yenyewe futa vumbi, bandua miiba ya sehemu hiyo.

Kata alama ya T: mlalo sentimita 1 hadi 1.5, wima sentimita 2.5, kina cha gome tu. Inua midomo ya gome kwa mgongo wa kisu, usiguse mti ulio ndani kwa kidole.

Jicho: tawi lililomaliza ua, tumia macho ya katikati. Ya juu kabisa ni machanga, ya chini yamelala. Kata jani lakini acha kikonyo chake cha sentimita 1, ndicho utakachoshikia. Anza kukata sentimita 1.5 chini ya jicho, pita nyuma yake, toka sentimita 1 juu. Unapata ngao ndogo. Nyuma yake kuna kibanzi cha mti; kitoe kwa kukipindua pembeni. Ukiona tundu nyuma ya jicho, umeng'oa moyo wake, tupa uchukue jingine.

Telezesha ngao ndani ya T kutoka juu, jicho likitazama juu. Nakazia hilo kwa sababu wanaoanza huligeuza. Kipande cha ngao kinachobaki juu ya mstari wa mlalo kikate. Funga kwa ukanda wa nailoni wa upana wa sentimita 1, kuanzia chini kwenda juu, jicho na kikonyo vikibaki nje. Kutoka kukata hadi kufunga isizidi dakika 2 au 3, zaidi ya hapo pamekauka.

Baada ya wiki 2 gusa kikonyo. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika na bado ni kijani. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, limekufa. Geuka upande wa pili wa shina urudie. Wiki ya 3 legeza nailoni. Jicho likianza kuvimba, kunja sehemu ya juu ya shina la chini hadi ivunjike nusu na ilale, ili majani yake yaendelee kulisha mizizi. Chipukizi likifika sentimita 15 ndipo ukate ile ya juu, sentimita 1 juu ya jicho. Na chipukizi lenyewe likate ncha likiwa na majani 4 au 5. Ukiliacha liende peke yake, upepo mmoja unaling'oa kwenye maungio.

Mwanakitalu254

Kuna njia ya tatu, ile ya mashambani iliyotoka Uholanzi: unaunganisha kipande cha juu na kipande cha chini vyote vikiwa havina mizizi, kisha unavipanda pamoja. Mizizi inaota huku maungio yanaunga. Inataka unyevu wa hewa wa juu sana na joto la udongo la nyuzi 23 hadi 25 bila kuyumba. Nyumbani kwa chupa moja moja inawezekana, lakini hasara ni kubwa kuliko njia ya jicho. Anayeanza asianzie huko.

Asha_Mbweni

Na ile ya kuchomeka kijiti kwenye kiazi mviringo? Inasambaa sana kwenye video.

Kitalu_Moshi

Kiazi kinaoza ndani ya wiki mbili tatu na kuoza kwake kunakwenda na kidonda cha pingili. Hakina homoni ya mizizi itakayosaidia waridi. Wanaofanikiwa wamefanikiwa kwa sababu ya chupa na unyevu. Mdalasini nao huzuia ukungu kidogo, hauoteshi mizizi. Glasi ya maji: baadhi ya aina huota, ila mizizi ya majini ni laini, ukiihamishia kwenye udongo nusu inakufa.

Na maua ya dukani yaliyofungwa kwa nailoni msijisumbue nayo sana. Yamekaa kwenye baridi siku kadhaa, akiba yake imepungua, na mengi hukatwa kabla ua halijafunguka, maana yake tawi halijafikia umri ule wa mwiba. Pia aina nyingi hizo zina haki ya mzalishaji wa mbegu inayolindwa kisheria Kenya na Tanzania. Kuzalisha kwa ajili ya kuuza bila leseni ni kosa.

Bint_Maskati

Assalaam alaykum jamani. Niulize kuhusu waridi la harufu. Hapa Oman kuna waridi la Jabal Akhdar linalotolewa marashi. Ndugu zangu wa Unguja wanataka miche. Itakubali?

Jozani_Kijani

Waalaykum salaam dada. Itaota, haitakupa unachokitafuta. Waridi la Jabal Akhdar ni la jamii ya Damaski, linakaa kwenye karibu mita 2,000 juu ya bahari, na maua yake huja kwa msimu mmoja tu, mwishoni mwa Machi hadi mwanzo wa Mei, baada ya baridi ya milimani. Baridi ile ndiyo inayoliamsha. Unguja hakuna usiku wa namna hiyo hata mmoja, kwa hiyo utapata kichaka cha majani na ua moja moja kwa bahati. Kwa kikuba na kwa harufu ya nyumbani tafuteni mawaridi yenye damu ya China, yanayochanua mwaka mzima bila kungoja baridi. Lile la rangi ya waridi hafifu lililozoeleka kwenye nyua za pwani ni la kuendeleza kwa pingili, na linashika upesi. Harufu ichume alfajiri, umande haujakauka. Saa nne jua limeshaondoa sehemu kubwa ya mafuta yake. Na kama petali zitaingia kwenye marashi ya kunywa au kwenye chakula, usiguse mche huo kwa dawa yoyote ya dukani.

Miche isibebwe kwenye begi. Inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Mamlaka za afya ya mimea ni TPHPA kwa Tanzania Bara na KEPHIS kwa Kenya; Zanzibar ina mamlaka yake. Uvimbe wa bakteria kwenye shina na minyoo husafiri na mizizi bila kuonekana.

Bint_Maskati

Nimeelewa, shukran. Nitawaambia wabaki na la uani.

PwaniMbichi

Tuhamie kupanda, kwa sababu kuna mtu atauliza. Shimo sentimita 45 kila upande, na kina hicho hicho. Kwenye mchanga: ndoo moja ya lita 20 ya mboji au samadi iliyooza kabisa, isiyonuka. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta funza weupe wanaokula mizizi. Waridi lipate jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Dar na Mombasa likipata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tisa alasiri, maua hayaungui. Nafasi kati ya mche na mche sentimita 60 hadi 90. Mche uliobebeshwa, maungio yabaki sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Vitabu vya Ulaya husema yafukiwe, kwa sababu ya barafu yao. Huku ukifukia, waridi la juu linaota mizizi yake dhaifu na faida ya shina la chini inapotea.

Maji: lita 10 kwa mche, mara 2 au 3 kwa wiki kwenye mchanga, mara 1 au 2 kwenye mfinyanzi. Yaende chini kwenye shina, asubuhi. Matandazo ya majani makavu sentimita 5, yasiguse shina.

Mbolea: NPK 17:17:17, gramu 30 kwa mche mkubwa kila wiki 6, ikizungushwa mbali na shina kwa sentimita 20 kwenye udongo uliolowa. Gramu 30 ni vijiko viwili vya chakula visivyojaa. Mche wa pingili usipewe mbolea wiki 3 za kwanza baada ya kuhamishwa, na vitumba vyake vya miezi 2 vya kwanza vitolewe. Inauma, najua. Lakini ua moja kwenye mche mchanga linakula nguvu ya mizizi.

Limuru_Rosi

Kupogolea ni tofauti kabisa kati ya kwetu na pwani, tafadhali msichanganye. Hakuna majira ya baridi ya kulaza waridi, kwa hiyo mkasi ndio unaolipa mapumziko. Nyanda za juu unaweza kushusha mche hadi nusu, mara moja kwa mwaka. Mwezi wa 7 Limuru kuna ukungu na baridi, machipukizi laini yanashikwa na ubwiri unga, ngojeni Agosti. Pwani msishushe zaidi ya theluthi, kwa sababu majani ndiyo kivuli cha mashina, na shina lililoachwa wazi kwenye jua la Februari linaungua upande mmoja na kufa. Wakati mzuri pwani ni masika yakiisha, Juni, ili maua yaje kipindi cha upepo wa kusi ambapo hewa imepoa. Ua la Julai Dar ni kubwa kuliko la Februari kwenye mche ule ule, kwa sababu joto hulifungua ua kabla halijajaza petali zake.

Kwanza toa vilivyokufa, kisha matawi yanayosuguana, kisha membamba kuliko penseli. Kata milimita 5 juu ya jicho linalotazama nje. Ua lililonyauka usilikate shingoni. Shuka hadi jani la kwanza lenye vijani 5 lililokomaa. Macho yaliyo juu ya hapo hutoa vijiti dhaifu. Kuanzia mkato hadi ua jipya ni takriban wiki 6 pwani, wiki 8 au zaidi kwetu. Anayetaka maua ya Idd au ya arusi ahesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Mzee_wa_Vyungu

Majani ya waridi langu yana madoa meusi yenye kingo kama nyuzi, kisha yanageuka manjano na kuanguka, yakianzia chini. Ni upungufu wa mbolea?

Kitalu_Moshi

Hapana mzee wangu, shikamoo. Hayo ni madoa meusi, ugonjwa wa ukungu. Mbegu zake huota jani likikaa limelowa kama saa 7 mfululizo, kwa hiyo masika ndiyo msimu wake, na kumwagilia majani jioni ni kuutengenezea masika ya kudumu. Okota kila jani lililoanguka ulichome au ulifukie mbali. Toa majani yote ya sentimita 20 za chini, maana mvua hurusha mbegu kutoka ardhini. Punguza matawi ya katikati ili upepo upite. Kisha mankozebu au kopa kwa kipimo cha kibandiko, juu na chini ya jani, kila siku 7 hadi 10 wakati wa mvua. Dawa hizo hulinda jani lisilougua, haziponyi lenye doa.

Mzee_wa_Vyungu

Marahaba. Na unga mweupe kwenye vitumba?

Mwanakitalu254

Huo ni ubwiri unga, shikamoo mzee. Tabia yake ni kinyume: hauhitaji jani lililolowa, unapenda mchana mkavu na usiku wa baridi wenye unyevu. Salfa ya unga inayoyeyuka kwenye maji inaudhibiti, lakini msipulize joto likizidi nyuzi 30, itaunguza majani. Pwani pulizeni jioni.

Na kama majani yanakuwa na vidoa vidogo vya manjano kama yamenyunyiziwa mchanga, na chini yake kuna utando mwembamba, ni utitiri. Joto na vumbi ndivyo vinavyouleta. Hapa ndipo watu wanapokosea: wananunua dawa kali ya wadudu ya jamii ya pareto bandia, inaua wadudu wanaokula utitiri, utitiri wenyewe unabaki na unaongezeka maradufu. Piga maji kwa nguvu chini ya majani kila siku ya tatu, kwa wiki mbili, asubuhi ili yakauke. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ikihitajika. Vidukari kwenye vitumba nao wanaondoka kwa maji hayo hayo.

Fundi_Kubebesha

Onyo moja la mwisho upande wangu: jani lenye michoro ya manjano ya zigizaga, kama ramani ya mito, ni kirusi. Hakitoki. Mche unaweza kuishi nacho miaka, lakini usichukue pingili wala jicho hapo, kinaenda nalo kwenye kila mche utakaozalisha.

Asha_Mbweni

Kitalu_Moshi, wiki ya 4 imetimia. Moja imegoma kuvutwa, nyingine imenyauka kama ulivyosema. Hiyo moja niitoe kwenye chupa sasa?

Kitalu_Moshi

Hongera dada. Usiitoe kwa mara moja. Leo fungua kifuniko cha chupa tu. Baada ya siku 3 inua chupa kwa kijiwe upande mmoja. Siku ya 7 itoe jioni, si mchana. Majani yakilegea, rudisha usiku huo, ujaribu tena kesho yake. Ikikaa siku 5 bila chupa na haijalegea, ihamishe na udongo wake wote kwenye kiriba cha lita 3: udongo wa juu sehemu 2, mboji 1, mchanga wa mto 1. Kivulini wiki moja, kisha jua la asubuhi. Na ile iliyonyauka ichomoe uitazame chini. Ikiwa na uvimbe mweupe bila mizizi, kijiti kilikuwa sahihi ila majani yalikuwa machache. Ikiwa laini na nyeusi, ni yale maji. Tuambie umeona kipi, tujue pingili zinazofuata zirekebishwe wapi.

Asha_Mbweni

Ina uvimbe mweupe, haina mizizi, na ilibaki na jani moja tu.

Kitalu_Moshi

Basi zinazofuata acha majani mawili, yakiwa yamepunguzwa kama nilivyoeleza, na homoni iwe ya 0.3. Mchanga wa mto usisahau.